Bibi Asiyecheka Mbele ya Kamera

Kwa miaka mingi niliwafundisha watu wa Korogwe kutopumua. Si utani! Kamera yangu ilikuwa na memori kadi ya mwendo wa kobe: ukipiga picha tatu mfululizo, taa nyekundu inawaka, kamera inagoma mpaka kadi imalize kuziandika, na mimi nabaki kupiga kelele, "Tulieni hivyohivyo! Inaandika!" Basi wanatulia. Bwana harusi kakaza shingo, mama mkwe kavuta tumbo ndani, wapambe wametoa macho. Taa ikizimika wanashusha pumzi wote kwa pamoja, fyuuu. Ikawa desturi. Ukiona picha ya harusi ya huku kwetu na watu wamesimama kama wanasubiri kusomewa hukumu, ujue niliipiga mimi.

Halafu dada yangu wa Dar akanitumia kadi mpya kwa basi. Nikaigeuzageuza, nikaguna, nikasema huyu mjinga kauziwa feki. Nikaichomeka, nikamlenga kuku wa jirani, nikabana kitufe. Tatatatata! Haikusimama. Ile taa iliwaka ikazimika kabla sijaitazama vizuri. Nilipozifungua picha namwona kuku anainua mguu, anaushusha, anajikuna, kisha ananitazama kwa dharau. Jamani! Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia kuuliza kulikoni. Yule kuku ana picha nyingi kuliko baadhi ya maharusi wangu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na harusi Handeni. Siku chache kabla yake bibi harusi mwenyewe alikuja studio, akafunga mlango nyuma yake.

"Dada, bibi yangu ndiye aliyenilea," akasema. "Akicheka, nyumba nzima inacheka hata kama haijui sababu. Lakini akiona kamera tu anakuwa picha ya kitambulisho. Mimi naolewa Mashewa, naondoka. Nataka picha moja ya bibi akicheka. Ukiikosa hiyo, hizo nyingine zote kaa nazo mwenyewe."

"Ondoa shaka," nikamjibu. Kiburi cha kadi mpya hicho!

Siku ya siku nikafika Handeni asubuhi, turubai limeshafungwa, pilau inanukia mpaka barabarani. Bibi nikamkuta kwenye mkeka, kavaa khanga mpya doti nzima, anawachekesha wanawake wanaochambua mchele wa mwisho. Nikamwamkia, akaitika marahaba vizuri tu. Nikainua kamera. Loo! Mgongo ukanyooka, mikono ikaenda magotini, midomo ikafungwa, na pumzi ikabanwa.

"Bibi, pumua!"

Akajibu bila kufungua meno, "Si inaandika?"

Kumbe aliwahi kuwa mgeni kwenye harusi niliyoipiga zamani! Nikamweleza kwamba hii haisubiri tena, imeshamaliza. "Usinidanganye," akasema, "mimi kazi yako naijua." Mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi, na aliyemzoesha ni mimi. Nikamtupia vichekesho vyangu vyote, hata kile cha mpambe aliyekalia keki. Hakutikisika. Kila nikigeuka namwona bibi harusi ananichungulia dirishani, na mimi nakwepa macho yake. Adhuhuri ikapita. Niliogopa kweli.

Alasiri upande wa bwana harusi ukaingia kwa ngoma na vigelegele, nami nikawapiga picha mfululizo tangu getini. Viti viwili vimepambwa mbele. Bwana harusi akaketi chake, watu wakageukia mlangoni kumsubiri mwenzake. Hapo bibi akainuka mkekani, akatembea taratibu kwa maringo, akakalia kile kiti cha pili, akajifunika khanga usoni.

"Bibi harusi ni mimi," akatangaza. "Huyo mtoto mliyemfuata hajui hata kusonga ugali."

Uwanja ukalipuka. Hilo ndilo dai la mabibi: mume wa mjukuu ni mume wao, na kiti hakiachwi mpaka mwanamume atoe khanga ya kumng'oa mke mwenza. Wajomba wakaanza kumnong'oneza kijana atoe khanga mambo yaishe. Lakini yule bwana harusi wa Kishambaa, mtundu yule, akainuka akamshika bibi mkono.

"Basi twende, mke wangu. Gari liko nje. Shamba la mahindi la Mashewa limeota magugu, na jembe lako nimeshalinunua."

"Jembe!" bibi akapiga ukelele, khanga ikadondoka, na kicheko kikamtoka.

Kwa ile kadi ya zamani ningekuwa nimesimama natazama taa nyekundu, maana kamera ingekuwa bado inaandika zile picha za getini. Safari hii nilibana tu kitufe. Tatatatata! Machozi ya kicheko yananitiririka, naona ukungu mtupu, kidole hakitoki.

"Umeipata?" Bibi harusi alikuwa ameshatoka mbio, hereni moja mkononi. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akanikumbatia nusura tuanguke.

"Nami nione," bibi akadai. Nikamwekea ile ambayo kichwa kimekwenda nyuma, mdomo wazi, mapengo yote nje. Akaisogeza kamera karibu na macho. Nikajua sasa ataniambia niifute.

"Huyu umempata wapi?"

"Ni wewe, bibi."

"Thubutu! Mimi najijua. Huyu ni mama."

Mjukuu wake akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yake bibi alifariki bibi akiwa msichana mdogo, na hakuwahi kupigwa picha hata moja.

"Mrudishe nyuma kidogo," bibi akasema. Nikarudi mwanzo, nikabonyeza moja baada ya nyingine, upesi upesi: mashavu yakapanda, mabega yakatikisika, kichwa kikaenda nyuma.

"Anacheka! Njooni mumwone, mama kaja harusini, anacheka!" Akapiga vigelegele mwenyewe, wanawake wakampokea, na mimi nalia nacheka sijui lipi ni lipi.

Kisha bibi, ambaye tangu asubuhi uwanja mzima ulikuwa unamwamkia yeye, akakishika kile kioo kwa mikono miwili, akakunja goti.

"Shikamoo, mama."