Buti Ndani ya Maji

Kijiji chetu kinaishi kwa theluji, na theluji ndiyo iliyomchukua Chinatsu. Alikuwa binti pekee wa Fumie na Iwao Isurugi, wenye nyumba ya wageni ninakopika mimi. Alivuka kamba ya mpaka wa eneo la kutelezea, upande wa kaskazini wa mlima, akiwa na ubao wake wa kutelezea, mteremko ukamporomokea, na walipomfukua alikuwa ameshakata roho.

Tangu hapo mama yake hakupanda mlimani tena. Skii zake alizifungia stoo. Nyumba lakini hakuifunga. Kila msimu aliwatandikia magodoro wale waliokuja kuifurahia theluji ileile, akawakaushia buti, na walipomsimulia jinsi ule unga mkavu wa theluji ulivyowafika kifuani, aliitikia kwa kichwa na kuwamiminia chai.

Mwaka juzi walikuja Takuma na mchumba wake Madoka, kutoka Osaka. Theluji ilikuwa imeanguka mfululizo bila kupumzika. Jioni, tukiwaandalia samaki wa kuchemsha na miso, rojo la soya, Takuma akasema kesho watavuka kamba waende bonde la kaskazini, ambako hakuna aliyekanyaga.

"Ile kamba haikuwekwa pambo," Fumie alisema.

"Mama, kamba ni ya waoga."

"Msikieni shujaa," Madoka akadakia. "Jana kaanguka akishuka kwenye lifti ya mlimani, mtoto wa chekechea akampita."

Tulicheka sote isipokuwa Fumie.

Asubuhi buti zao hazikuwapo. Takuma alitafuta kila mahali, akazikuta kwenye beseni la kuogea, zimejaa maji pomoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi." Fumie alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nimewakosea. Likizo yenu nimeiharibu. Lakini nisingeweza kuwaangalia mnatoka."

Iwao alikuwa akiingia, koleo la theluji mkononi. Ndiye aliyeeleza habari ya Chinatsu, maana mkewe hakuinua uso mkekani. Aliisema kwa maneno machache, akatoka tena nje.

Takuma hasira hazikumwisha. Alishinda dirishani. Alasiri vijana wa nyumba ya jirani, waliokuwa wamekwenda bonde lile, walirudi wazima wote, wanaimba barabarani.

"Wamerudi," Takuma akamwambia Fumie. "Mlima haukuporomoka."

"Nimewaona."

"Kwa hiyo umekosea, mama."

"Nimekosea. Nashukuru nimekosea."

Fumie akaja jikoni, akashika figili nyeupe na kuimenya, akaimenya hadi ikabaki kama kidole. "Yaeko," akaniuliza, "nimeingiwa na wazimu? Nitalowesha buti za wangapi?"

Madoka alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akaketi karibu naye, akachukua figili nyingine.

"Mama, Chinatsu alikuwa anatelezaje?"

Miaka yote watu waliuliza alivyokufa. Hilo hakuna aliyewahi kuliuliza, hata mimi.

Fumie aliweka kisu chini. "Vibaya," akasema. "Alikuwa na pupa. Mikono inapunga kama mtu anayefukuza nyuki. Nilimfundisha mwenyewe, na hakunisikia hata siku moja." Akaendelea kusimulia, na mimi nikasahau wali motoni hadi ukashika chini.

Kesho yake, buti zilipokauka, Fumie alitoa skii zake stoo. Alisema atakwenda nao, ila ndani ya kamba. Iwao alimkazia vifungo vyake.

"Mama, na magoti, kwa umri huo?" Takuma akauliza.

"Magoti yangu niachie mwenyewe."

Yaliyotokea juu nilisimuliwa na Madoka. Fumie alishuka polepole kwenye njia iliyoshindiliwa, kisha akakata kandoni, penye miti, kwenye theluji isiyoguswa. Alikwenda vizuri kidogo, akazama hadi mapajani, akaanguka. Takuma alikwenda kumvuta, naye akamzuia kwa mkono. Alikaa palepale, akateka theluji kwa glavu na kuifinya. Ilikuwa kavu mno, haikushikana, ikamwagika yote.

"Ni nzuri," akasema. "Nilikuwa nimesahau kwamba ni nzuri." Ndipo akalia, na Madoka akakaa chini kando yake. Takuma alivua kofia, akasimama akiwakinga na upepo.

Walishuka mchana. Iwao alikuwa akiwasubiri chini ya mlima na gari. Alimpangusa mkewe theluji mgongoni na mabegani, akaendelea kumpangusa hata ilipokuwa imekwisha.