Komeo la Ndani

"Kama mwanangu ni mkosi, semeni nimchukue!" Limi aliwaka, mjukuu mgongoni, mbele ya mlango ulioandikwa WANAWAKE TU. "Mgodini Nyarugusu nimefukuzwa kwenye maduara miaka yote, eti mwanamke akisogelea shimo dhahabu inakimbia. Na chuoni nako mnawatenga wanawake? Vitabu navyo vinakimbia?"

Bhoke, msimamizi wa chumba, aliegesha fagio. "Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Haya, nijibu."

Limi ana mdomo, Nyarugusu nzima inajua. Mumewe alipofariki alishika nyundo akaponda mawe ya wenye maduara, jua lake mvua yake, mpaka binti yake Hosiana akafika chuo hapa Kahama. Hosiana akajifungua, likizo ikaisha, akamwacha Nelly kwa bibi. Kumbe Nelly hataki maziwa ya ng'ombe, uji anautema, mbavu zikaanza kuhesabika. Hosiana akapiga simu: "Mama, mlete, huku wanawake tuna chumba chetu." Limi akasikia yale yale ya mgodini. Akapanda basi aje amrudishe binti nyumbani, masomo yafe.

"Ingia uone," alisema Bhoke.

"Nisije nikawatia nuksi."

"Ingia bwana, mama!"

Ndani palikuwa na mkeka, na vitoto viwili vimelala fofofo. Msichana mmoja alikuwa anasoma huku anavipepea. Limi akageuka kuutazama mlango. Komeo lilikuwa kwa ndani.

"Sasa anayefungiwa nje nani?"

"Wanaume. Hata mkuu wa chuo anapiga hodi, anangoja."

Limi akacheka mpaka Nelly akashtuka, akamlowesha bibi yake mgongo mzima. Bhoke akampa kanga ya mle chumbani, gauni likaanikwa.

Hosiana akaingia mbio kutoka darasani, akampokea mwanawe, akaketi mkekani. Nelly akalidaka ziwa kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Ukiwa na kipindi je?" Limi aliuliza.

"Asiye na kipindi anabaki na watoto. Tunapeana zamu."

Limi akaupapasa mkeka. Hosiana huyu alikulia kwenye vumbi la mawe, chini ya mwavuli uliotoboka, maana mama yake hakuwa na pa kumlaza. Leo mjukuu ana mkeka, ana mama wadogo kibao. Asante Mungu, na asante aliyewaza kutia komeo lile.

"Nilikuja kukuchukua," alisema.

"Nilijua. Ulivyonuna kwenye simu!"

"Sikuchukui. Nguo za mtoto zimo kwenye mfuko. Soma."

Muda wa basi ukafika, gauni bado bichi. Limi akalikunja. "Kanga yenu nitaileta. Mimi deni silipendi."

"Nenda nayo, mama, hatukudai," alisema Bhoke.

"Mgodini hata maji ya kunawa unapimiwa."

"Ndiyo maana nasema nenda nayo. Wahi, basi litakuacha."

Limi akaikaza kanga kiunoni. "Wabheja," alishukuru kwa Kisukuma, akalikimbilia basi.