Mafiga ya Mama Yake Bibi

Mkinikuta hapa Ushirombo nachochea kuni na sufuria imeinama upande, huwa mnaniuliza kwa nini sitafuti jiwe jingine, na mimi huwa nacheka pamoja nanyi ili yaishe, lakini leo nitasema yote, aibu na iwe aibu. (Mume wangu ameniruhusu, ila amesema yeye hatakaa kusikiliza, ametoka.)

Wakati huo nilikuwa bado Kahama, nina kibanda changu cha chakula karibu na stendi, na kichwa kilikuwa kimenivimba kama mnavyojua mwanamke ambaye makondakta wanamwita kwa jina. Maduhu alikuwa mchumba tu. Kwao walikuwa hawajanikubali wala hawajanikataa, mama yake aliitikia shikamoo yangu kisha akanyamaza, na dada yake, Kabula, alikuwa keshaniambia wazi kwamba neno la mwisho katika familia yao ni la bibi. Sasa huyo bibi magoti yalikuwa yanamsumbua, akasema kabla hayajagoma kabisa anataka apelekwe kwenye mahame, kule walikoishi zamani kabla watu hawajahamishiwa vijijini, akamsalimie marehemu mama yake. Maduhu akaniambia twende wote, bibi akuone. Nikasema nitakuja, na chakula cha siku hiyo nitapika mimi.

Bajaji ilituacha mwisho wa barabara, bibi, mama mkwe, Kabula, Maduhu na mimi, tukatembea taratibu kwa mwendo wa bibi, tukapita mashamba ya pamba, tukapita mashimo ya wachimbaji wadogo na vijana wao wenye kile kifaa cha kutafutia dhahabu, redio yao inaimba bondeni, mimi na sufuria kichwani na viatu vya wazi nilivyonunua makusudi nipendeze ukweni. Mahame yenyewe ni kuta za mawe zilizobomoka za boma la mtemi wa zamani, nje yake majani yameota palipokuwa na nyumba za watu, na juu ni kilima chenye pango ambamo bibi alisema wazee wao walijificha na ng'ombe wakati wa vita. Kitu cha kwanza nilichouliza ni kaburi la mama yake bibi liko wapi, nisije nikalikanyaga. Nikaonyeshwa msalaba wa chuma chini ya mkwaju. Nikajiona mwenye adabu zangu.

Wakaamua waanze na pango kabla jua halijawa kali, halafu bibi amalizie kwa mama yake. Mama mkwe akaniachia kuku, mchele na dumu la maji, akanielekeza kwamba mawe ya kupikia yako korongoni, yamejaa. Korongo lenyewe lilikuwa pale chini, linaonekana, lakini kwa vile viatu, jamani, na kile kimteremko, nikaona uvivu. Nikageuka, nikaona kwenye majani karibu na ukuta mawe matatu yamekaa pamoja, yana weusi wa moshi wa zamani. Nikasema hawa ni wachunga ng'ombe, walipikia hapa wakaondoka. Yalikuwa yamezama ardhini, nikayang'oa kwa ncha ya panga, nikayaviringisha mpaka kivulini, nikawasha moto. Sikufanya kingine zaidi ya hicho, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Kuku alikuwa tayari na wali unakaukia Kabula aliporudi peke yake kumchukulia bibi maji ya kunywa. Akasimama. Hakutazama sufuria, alitazama chini yake, akaniuliza haya mawe nimeyatoa wapi. Kwa namna alivyouliza tu nikajibu korongoni. Akashusha pumzi, akasema afadhali, maana katika ukoo wao mama wa nyumba akifa mafiga yake hayaondolewi, yanaachwa pale pale alipopikia, na ya mama yake bibi yako karibu na ukuta, na bibi akisema anakwenda kumsalimia mama haendi kaburini, anakwenda kukaa pale.

"Kaburini aliwekwa na padri," Kabula akasema. "Jikoni alijiweka mwenyewe."

Akachukua maji akapanda kilima. Nilitaka niyarudishe kabla hawajashuka, nikaepua sufuria, nikasukuma kuni pembeni, lakini mawe hayashikiki kwa moto, na sauti zao zinasogea, namsikia bibi anakohoa, basi nikanyanyua dumu nikayamwagia maji. Mimi, mpishi, ninayejua tangu utoto kwamba jiwe la moto halimwagiwi maji. Moja likalia ta, likapasuka vipande viwili.

Wakafika. Bibi hakutuangalia, alipita moja kwa moja mpaka kwenye ukuta, na alichokuta ni mashimo matatu yenye udongo mbichi na siafu wanahangaika. Akayagusa kwa fimbo, moja baada ya jingine. Akasema "Mayu", polepole, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, kisha akakaa chini kwenye majani bila kuangalia anakaa wapi. Sijawahi kuona mtu mzima amekaa vile.

Mama mkwe akasema ni wachimbaji, hawa siku hizi wanachimba hata palipolala watu. Maduhu akaokota lile panga langu, akaanza kushuka bondeni inakosikika redio. Kabula akanitazama, akatazama mawe yanayofuka mvuke, akanitazama tena, na nikajua amekwisha kuelewa na hatasema, ananiachia mwenyewe. Na nisiwafiche, nilifikiri kunyamaza. Nilifikiri wale vijana wataruka wakimbie, Maduhu atarudi, yatakwisha, nami nitaolewa. Lakini alikuwa anakwenda haraka, na panga mkononi, na miongoni mwao hakuna aliyenikosea.

"Maduhu, rudi," nikasema. "Ni mimi niliyeyang'oa."

Hakusikia. Ikabidi nipige kelele, na safari hii walisikia wote, hata wachimbaji bondeni, wakazima redio, wakapanda kuja kuona kuna nini. Basi mbele ya wakwe zangu wote na vijana nisiowajua wenye vumbi mpaka kwenye kope, nikayabeba mawe yale kwa khanga, bado yanaunguza, nikaenda kupiga magoti mbele ya bibi.

Akaniuliza, "Uliona kwamba ni mafiga?"

Nikajibu niliona.

"Na ukapika."

Nikajibu nimepika. Nilikuwa nalia, sitasema uongo tena hapa.

Hakunikemea, na hakuna mwingine aliyenikemea, na nawaambia ukweli kwamba kukemewa kungenisaidia. Aliniambia nimletee jiwe moja moja, akalijua kila moja shimo lake, akayageuza mpaka upande mweusi ukatazama ndani. Lile lililopasuka alirudisha nusu. Nusu nyingine akaishika kidogo, akanikabidhi, akasema hii haina pa kukaa. Kisha akaomba chakula. Akala kidogo, amekaa pale pale, na wengine hatukula, na Maduhu akachukua chakula kilichobaki akawapelekea wale vijana mwenyewe, akawaomba radhi kwa jambo ambalo hata hawakujua lilikuwa linawajia.

Kurudi, nilibeba kile kipande ndani ya sufuria tupu, kinagonga kila hatua, na Maduhu alikwenda mbele bila kugeuka. Nilirudi Kahama nikijua uchumba umekwisha. Sikumpigia simu. Baada ya wiki kadhaa akapiga yeye, akasema bibi anauliza yule mpishi mbona haji.

Nikaolewa. Kwao bibi harusi anapika jikoni kwa mama mkwe mpaka siku anapopewa mafiga yake, na siku yangu ilipofika bibi alikuwa hatembei tena, akaagiza mawe yaokotwe uani kwake yaletwe. Wanawake wote wamekusanyika, yakaja mawili. Mama mkwe akauliza la tatu liko wapi.

"La tatu analo," bibi akasema. "Alijichukulia mwenyewe."

Wakacheka wote, na bibi akacheka, nami nikaingia ndani nikakitoa kile kipande chini ya kitanda. Ni kifupi, ndiyo maana sufuria yangu inainama, na bibi amekwisha kutuacha, kwa hiyo sibadilishi. Nimeapa siinui jiwe la mahali popote kabla sijauliza ni la nani, hata mkinicheka. Na siku yangu ikifika msihangaike sana na kaburi, lakini haya yaacheni hapo hapo yalipo, yote matatu, na hilo fupi.