Nilimpa Mchumba Wangu Damu, Sasa Wanasema Ni Dada Yangu

Wasomaji wenzangu, nimemwomba mhariri alifiche jina langu, maana Ujiji hapa ukikohoa sokoni, ukifika nyumbani unapewa pole. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minane. Serikali ilinipeleka ng'ambo kusomea kemia, na huko nafanya kazi katika maabara inayotafuta kitu cha kumwekea mgonjwa badala ya damu. Tunachukua damu ya ng'ombe, tunatoa ile rangi nyekundu inayobeba hewa, yaani himoglobini, halafu tunaifunga kwa kemikali isije ikavunjika mwilini. Isipofungwa vizuri inaharibu figo. Bado tunaijaribu kwa sungura, na sungura wengi wanakufa. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Nilirudi likizo ili nioe. Mchumba wangu, nimwite Zaituni, ni mwalimu wa elimu ya watu wazima. Harusi ikiwa imekaribia, lori alilopanda kutoka kijijini likapinduka. Alifika hospitali ya Kigoma mguu umevunjika, amepauka kama unga wa muhogo. Kaka zake walipimwa, damu zao hazikulingana na yake. Yangu ikalingana. Nikalala kitandani, nikatolewa chupa nzima, nikamshukuru Mungu. Nani asingetoa?

Zaituni alipopata nafuu, baba yake akaniita. Ni mzee wa Kimanyema, wazee wake walitoka Kongo. Ujanani alichanjiana udugu na mvuvi wa ng'ambo ya ziwa, wakalishana ini lililopakwa damu zao, na hadi leo watoto wa yule mvuvi ni watoto wake. "Mwanangu, harusi haipo," akaniambia. "Sisi kwa tone moja tu tumekuwa ndugu. Wewe umempa chupa."

Jamani, nilipandwa na hasira! Nikamweleza kwamba ile damu itakufa yote mwilini mwake baada ya miezi michache. Akaniuliza, "Na maziwa ya mama hayatoki? Mbona walionyonya ziwa moja hawaoani?" Sheikh naye akaitwa, akasema kutiana damu hospitali hakuzuii ndoa. Mzee akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Hiyo mnayotengeneza huko, anayewekewa anakuwa ndugu wa nani?"

"Si ndugu wa mtu yeyote, Mzee."

"Basi ndiyo ungempa hiyo!"

Zaituni alikuwa ndani, mguu umefungwa plasta, akayasikia yote. Kesho yake akamwambia baba yake kwamba alichowekewa hakikuwa damu yangu, kilikuwa ile ya maabara, nilikuja nayo kwenye sanduku. Mzee akaniita tena. "Ni kweli?" Nilimpenda mno yule binti, wasomaji. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Mzee akachukulia nimekubali, akacheka kwa furaha, na matayarisho yakaanza upya. Habari ikaenda Kibirizi, ikapanda mitumbwi ya dagaa, ikafika Kagunga.

Siku chache baadaye nimekaa barazani na baba mkwe, akaja mvuvi mmoja wa Kagunga anahema. Mkewe alikuwa amejifungua, yuko wodini, damu haikatiki. "Daktari kanipima, yangu inamfaa," akasema. "Lakini nina watoto wanne naye. Nikimpa, si atakuwa dada yangu? Ndugu yangu, nipe ile yenu ya ng'ombe."

Baba mkwe pale pale, kanikazia macho. Nikasema, "Hakuna damu hiyo. Haijawahi kuwekewa mtu, ningempa mkeo ningemuua. Zaituni ana damu yangu. Kimbia ukatoe yako!"

"Na wewe utamwoa?" mvuvi akauliza.

"Nitamwoa."

"Apa."

"Haki ya Mungu nitamwoa!"

"Ego," akajibu kwa Kiha, yaani ndiyo, akatoka mbio. Akatoa damu, mkewe akapona. Baba mkwe aliinuka, akakung'uta kanzu yake, akaingia ndani. Jioni akatuma mtu kuniambia posa imevunjika.

Nilikwenda kwa Zaituni kwa kuibia. Alinilaki kwa ukali. "Ungenyamaza kidogo tu!"

"Yule mama angekufa, Zaituni."

"Najua!" Akaanza kulia. "Najua, ndiyo maana hata kukuchukia siwezi."

Tangu hapo sikai, silali. Natembea kutoka Ujiji hadi Kigoma na kurudi kwa miguu bila shughuli yoyote. Likizo inakwisha. Zaituni anasema nikitaka atapanda treni na magongo yake, tukafunge ndoa mbali. Lakini ndoa ya kutoroka watu watasema nimeiba dada yangu, na baba yake hatamtazama tena. Wala si sisi peke yetu. Yule mvuvi amerudi. Kule Kagunga wanamcheka, wakwe zake wanataka kumchukua binti yao, na mkewe mwenyewe siku hizi analala na watoto. Amewaambia wote wangoje, yupo msomi wa Ujiji aliyefanya kama yeye na anaoa. Nisipooa mchana kweupe, baba mkwe akiwa amekaa mbele, yeye atahesabiwa amezaa na dada yake.

Nishaurini, nifanye nini? Naomba mjibu upesi. Ninavyoandika haya yule bwana yuko uani kwangu, amegoma hata kula, anasubiri nimtajie siku ya harusi arudi nayo kwa mkewe.