Mbwa Aliyekataa Kuitwa

Kwetu mbwa hachezewi. Mbwa analinda boma, anafuata ng'ombe, anakula kilichobaki. Mtu mzima akionekana anamrushia mbwa kitu ili arudishiwe, majirani wanaanza kuuliza kama nyumba hiyo imeishiwa na kazi. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne nikawa nyumbani, upande wa Kapkatet, nachuma chai ya mama huku nikingoja kuitwa chuo, kisha nikaanza kukimbia na mbwa kati ya mistari ya chai nikipiga kelele kama mwehu, mama alinivumilia kidogo tu. Mwishowe akaweka mikono kiunoni.

"Wewe, masomo yote hiyo ndio imekufundisha hii?"

Alikuwa ananitania, maana sababu aliijua vizuri kuliko mimi. Mbwa mwenyewe alikuwa jike la rangi ya majani makavu, masikio yamelala, si kama mbwa wa kwetu ambao masikio yao husimama. Shangazi alikuwa ametuletea akiwa mdogo, kutoka kwenye nyumba ya bosi mmoja wa shamba kubwa la chai karibu na Kericho, ambako shangazi alikuwa mpishi. Mbwa huyo alikuwa na mapenzi ya kubeba vitu. Ukivua ndala mlangoni, utaikuta moja kwenye shamba la mahindi. Hayo tulimsamehe. Tabia moja tu ndiyo ilikuwa inamtafutia kifo: akiona kondoo wanakimbia, alikimbia nao.

Hakuwang'ata. Aliwafukuza tu, ulimi nje, amefurahi kama yuko harusini. Lakini jirani yetu wa ng'ambo ya kijito alikuwa na kondoo wenye mimba, na mmoja wao alifukuzwa mpaka akaitoa.

Jirani alikuja asubuhi iliyofuata. Yeye na baba walikuwa wa rika moja, waliingia jandoni pamoja, na watu wa namna hiyo hawapelekani kwa chifu kwa sababu ya kondoo, wala hawaulizani fidia. Alikaa, akapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, akauliza habari ya ng'ombe wetu mmoja mmoja. Ndipo akasema, bila kupandisha sauti:

"Hii mbwa yenu si mbaya. Haiumi. Lakini kondoo haijui kama haiumi."

Baba alitikisa kichwa kukubali.

"Nikiipata tena kwa kondoo yangu, sitakuja kuongea. Nitakuja tu kukuambia ulete jembe, uzike."

"Ni haki yako," baba akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, nikasikia yote. Jirani alipoondoka nilimfuata baba hadi zizini na kuanza kumwombea mbwa msamaha, maneno mengi, na baba hakupenda maneno mengi. Tulikwisha jaribu kumfunga, akatafuna kamba. Ua wetu ulikuwa wa miti ya kupanda, umejaa matundu. Baba alinisikiliza huku anachambua kupe kwenye sikio la ndama, kisha akatoa hukumu yake.

"Ikiitwa, ikuje. Mbwa inakuja ikiitwa, hata kama kuna kondoo, inaweza kukaa hapa. Ikikataa, mimi mwenyewe nitaipeleka kwake."

Ilikuwa haki, na ilinitoa machozi, kwa sababu mbwa yule alikuwa hasikii kabisa. Ukimwita kwa ukali alitega masikio, akakuangalia, akaenda zake. Ukimwita kwa upole ndio alikuwa mbaya zaidi: aliingia chini ya ghala la mahindi na hakutoka mpaka jioni. Mama alisema ni kichwa ngumu. Baba alisema ni damu ya mbwa wa wakubwa, wamezoea kuitiwa mfanyakazi.

Shangazi alipokuja kututembelea nilimuuliza kule kwa bosi walikuwa wanafanyaje. Alicheka. Akasema mama wa mbwa huyu alikuwa anatupiwa mpira kutwa nzima, na mtu akiushika tu ule mpira, mbwa anaacha hata nyama. Sikuamini habari ya nyama. Lakini nilitengeneza mpira, wa makaratasi ya nailoni yaliyosokotwa pamoja na kufungwa kwa kamba ya katani, sawa na ule ambao watoto huchezea soka, nikateremka nao shambani.

Chai iliyopogolewa vizuri na kujaa ni kama ukuta unaofika kiunoni, na kati ya mstari na mstari kuna njia nyembamba ambayo mbwa hawezi kuchepuka ovyo. Niliubingirisha mpira kwenye njia hiyo, akaufuata, akaunyakua, akageuka. Mimi ndiye niliyekuwa nimeziba mlango wa kurudi. Alikuwa hana pa kwenda ila kwangu. Siku za kwanza alikuja mpaka miguuni kisha akang'ang'ania, anataka nivute, na nilipovuta aliona huo ndio mchezo wenyewe. Basi nikatengeneza mpira wa pili. Nilimwonyesha wa pili, akaachilia wa kwanza, nikatupa wa pili papo hapo. Hakuona kama amenyang'anywa kitu. Hasira zangu, ambazo nyumbani kwetu zinajulikana, zilinitoka bila mimi kujua, kwa sababu mbwa hana faida na hasira ya mtu. Anataka mpira.

Baadaye nikaacha kutupa kabla hajaniangalia machoni. Niliuweka mpira kidevuni, nikasimama kimya. Alibweka, akarukaruka, akazunguka, akakaa, akauangalia mpira, na kwa bahati tu macho yake yakateleza yakakutana na yangu. Nikatupa mara moja. Hakuhitaji somo refu. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nikisimama tu njiani na kikapu mgongoni, yeye anakuja kukaa mbele yangu ananitazama usoni kana kwamba nina habari muhimu ya kumpa.

Ila kumwita bado ilikuwa bure. Nikitamka jina lake, hata mpira ukiwa mkononi, masikio yalirudi nyuma. Nilijua kuna kitu, sikujua ni nini, mpaka Jumamosi ya kunyunyizia ng'ombe.

Kila nyumba ya kwetu yenye ng'ombe inaijua kazi hiyo. Dawa ya kupe inachanganywa kwenye ndoo, ng'ombe wanaingizwa mmoja mmoja kwenye kijizizi chembamba, mtu anapampu na mwingine ananyunyiza, kuanzia kwenye pembe hadi chini ya mkia. Na dawa haitupwi. Inayobaki ni ya mbwa, kwa sababu mbwa pia ana kupe, na kwa sababu imelipiwa. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na mbwa wangu, amelaza kidevu gotini pangu, baba alipomaliza ng'ombe wa mwisho, akaficha pampu nyuma ya mgongo, akachukua kipande cha ugali, na kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia akiitumia kwa binadamu yeyote, akamwita mbwa kwa jina.

Mbwa alilala bapa. Kisha akatambaa hadi chini ya ghala.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikaacha kucheka. Miaka yote ile tulikuwa tunamfundisha, tena kwa bidii. Tulimfundisha kwamba jina lake likisemwa vizuri, anayelisema ameficha dawa inayochoma macho. Jina lile lilikuwa limeharibika na hapakuwa na namna ya kulitengeneza kabla kondoo wa jirani hawajazaa tena.

Basi nikaliacha, nikatafuta sauti nyingine. Kupiga mluzi nisingeweza, msichana akipiga mluzi kwetu ni aibu ya nyumba nzima. Nilichokuwa nacho siku zote ni epron ya kuchumia chai, ile ya nailoni nzito inayokukinga na umande. Nikiipiga kwa kiganja ililia *pa! pa!* na sauti ikafika mbali. Nilipiga, nikageuka, nikakimbia. Hilo la kukimbia ndilo lililokuwa siri. Ukimfuata mbwa, yeye ndiye kondoo. Ukimkimbia, wewe ndiye kondoo, na hakuna mbwa anayeweza kuvumilia hilo. Alinifikia, nikamtupia mpira. Pa! pa! Nikakimbia. Nilimwita akiwa karibu, kisha akiwa mwisho wa shamba, kisha akiwa anafukuza kuku, kisha akiwa amesimama kijitoni anawaangalia kondoo ng'ambo. Akageuka akaja.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko mbwa. Ilinibidi nimwambie baba asimwite.

Nilichagua wakati ameshiba. Nikamweleza habari ya dawa, ya jina, ya epron. Nikamwambia siku za dawa nitamwendea mbwa mwenyewe, nimshike, nimlete, lakini sauti yoyote ya kumwita isitumike kwa kazi hiyo. Baba alinitolea macho.

"Unaniambia nisiite mbwa kwa boma yangu?"

"Baba, ukitaka kumwita, unaweza. Lakini upige nguo hivi, halafu ukimbie."

"Nikimbie?"

"Ndio, baba."

"Nikimbie mbwa yangu. Kwa boma yangu. Na watu wanapita barabara."

Mama alitoka nje haraka, na nilisikia kicheko chake huko jikoni.  Jumamosi zilizofuata baba aliniachia mbwa nimlete, na hakulitaja jina lake tena, lakini nilipokuwa nikikimbia shambani aligeuza uso kama mtu aliyeona jambo la aibu.

Kondoo wa jirani walizaa mwanzoni mwa mvua. Siku niliyokuwa naiogopa ilikuja nikiwa sipo. Nilikuwa nimepeleka majani kwenye banda la kupimia, na nikawa narudi kwa njia ya mlima wa ng'ambo nikiwa na kikapu kitupu. Kutoka pale juu boma letu na la jirani yanaonekana yote, na kijito katikati. Niliona kondoo kwanza, wanajikusanya, kisha wanaachana. Nikaona kitu cha rangi ya majani makavu kinatoka kwenye tundu la ua wetu na kuvuka maji.

Nilipiga epron mpaka kiganja kikaniuma. Ilikuwa mbali, na upepo ulikuwa unanijia usoni. Nikamwona jirani anatoka nyumbani kwake, hakimbii, ana rungu mkononi. Nikamwona baba anatokea upande wetu, kwenye kona ya chai, amevaa koti lake la mvua na kofia yake ya kwendea kanisani, maana alikuwa anajiandaa kwenda mkutano wa wazee. Nilijua atafanya nini. Ataita kwa ile sauti tamu, na mbwa atakimbilia mbele, moja kwa moja kwenye rungu. Nilikuwa nalia na kukimbia kuteremka, nasema, "Usimwite, baba, usimwite," na hakuna aliyeweza kunisikia.

Baba alifungua mdomo. Akaufunga.

Akainua mkono akapiga pindo la koti lake la mvua, mara mbili, na sauti ilinifikia baada ya mkono kushuka. Mbwa akasimama. Aliangalia kondoo, akamwangalia baba. Na baba, mzee wa kanisa, ambaye sijawahi kumwona hata akiharakisha mvua ikinyesha, alimpa mbwa mgongo, akashika koti kwa mikono miwili na kukimbia. Alikimbia vibaya, magoti nje, akipanda na mstari wa chai mbele ya rafiki yake wa jandoni, na mbwa akaruka kijito akamfuata.

Hakuwa na mpira. Alipofikiwa alijipapasa mifukoni, akakosa, na mbwa akakaa mbele yake akimtazama machoni, anangoja. Basi baba alivua kofia yake ya kanisa akaitupa.

Nilipofika, sina pumzi, jirani alikuwa amekaa chini upande wake wa kijito, rungu kando, anacheka na kufuta machozi. "Huyu mtu!" alikuwa anasema. "Huyu mtu wa kanisa!"  Baba alikuwa ameishika kofia, imelowa mate na ukingo umetobolewa, na mbwa yuko mbele yake tena, macho juu. Aliponiona aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza njia.

"Sasa inataka nini?"

"Anataka utupe tena, baba."

"Hii kofia?"

"Hiyohiyo."

Aliiangalia kofia, akaitupa mbali zaidi ya mara ya kwanza, na akainama kidogo kuangalia mbwa anapita katikati ya chai. Nilifurahi sana mbwa wangu amepona, nataka hilo lieleweke. Lakini nilisimama pale na epron yangu na kiganja kinachoniuma, binti mzima aliyemaliza shule, na nikamwonea yule mbwa wivu ambao umenishika mpaka leo, kwa sababu uso alioufanya baba mbwa aliporudi na kofia hakuwahi kutufanyia sisi.

"Tena?" akauliza.

"Tena, baba," nikasema.