Chumvi Aliyoionja Mama Cansilde

Mama Cansilde alizaliwa Kiliba, kwenye uwanda wa Ruzizi, mwaka 1968, binti wa mkata miwa. Kwao hakuna aliyetia kitu mdomoni siku ya Komunyo kabla ya kupokea, na mwaka 2012 alipokimbia vita hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale alikuja na desturi hiyo. Hapa padri huja mara moja kwa mwezi, tena mara nyingine hufika saa nane mchana. Wenzake walishakunywa uji; yeye alingoja na midomo mikavu, hata maji akiyakataa. Siku nyingine aliwapikia wagonjwa na kuwaogesha. Mtoto wa jirani yake Emery alipopona homa baada ya kuombewa naye siku tatu, majirani wakaanza kumwita mtakatifu wetu. Kanisa halijamtangaza, ni majirani tu.

Neno hilo lilimkaa Uwamariya kooni kama mwiba wa samaki. Alikimbia na Cansilde kwenye lori moja, naye alifundisha watoto katekisimu miaka tisa bila kuambiwa hata asante. Akaanza kumchungulia mwenzake. Jumapili moja ya Kwaresima 2023 akamwona jikoni kwa mgonjwa, akionja maharage kwa ncha ya ulimi. Kwenye mstari wa Komunyo akamnong'oneza, “We mama, unaenda kupokea Bwana na maharagi mu kinywa?”

Cansilde akatoka mstarini. Jioni akamfuata: “Dada, weye ndiye unajuaka sheria. Ni zambi?”

Uwamariya alijua. Mfungo ni wa saa moja tu kabla ya kupokea, na anayemtunza mgonjwa hafungwi hata na hiyo. Akajibu, “Zamiri yako ndiyo inajua,” akaendelea kupepeta mchele.

Miezi kumi na moja Cansilde hakupokea. Aliungama kwamba amemkosea Bwana, padri akamwondolea dhambi. Kabla hajafika nyumbani alishahofu kwamba hakueleza vizuri. Watu walipomwona amebaki kwenye benchi, walimsifu kwa unyenyekevu, na Uwamariya akazidi kuungua.

Januari 2024 uvimbe wa tumbo ulimfikisha Cansilde hospitalini Mbarara. Hakuwa na ndugu, kwa hiyo aliyemuuguza ni Uwamariya. Padri Atuhaire alipoleta Komunyo, mgonjwa alifumba mdomo. “Padri, nimekunywa dawa. Afazali nikufe na njaa.”

“Mama, dawa haivunji mfungo. Hata maji. Na mgonjwa na ule anamuangalia hawafungwi na hiyo saa moja. Hakuna mtu alikuambia?”

Uwamariya angeweza kunyamaza tena, na mwenzake angekufa bila Bwana wake.

“Mimi nilijua,” alisema. “Tangu ile siku ya maharagi. Nilinyamaza juu ya wivu.”

Cansilde alimtazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. “Dada, na ile maharagi haikukuwa hata na chumvi!” Akaomba maji, akayanywa mkononi mwa Uwamariya, akapokea Komunyo. Alifariki siku ya tatu, akazikwa Nakivale.

Leo mlangoni mwa kikanisa pana dumu la maji na kikombe kimoja kwa waliotembea mbali. Wako wanaosema maji hayo yanatuliza maumivu ya kichwa. Uwamariya ndiye hulijaza. Akisikia “mtakatifu wetu”, bado kitu humkwaruza. Humimina maji, akampa aliyesema. Na anayetaka kumwiga Cansilde asianze na njaa yake. Ampikie mgonjwa, na aonje.