Bibi Alivyokagua Gari la Kulala

Nilimwaga soda ya chungwa mlangoni mwa gari, nikamwita marehemu bibi yangu kwa jina lake tupu, bila "bibi", kama namwita mwenzangu wa dawati moja, nikamwambia aje alale, kitanda kipo. Nilikuwa najirekodi kwa simu ili wenzangu wa bwenini wacheke shule ikifunguliwa. Huo ndio upumbavu wangu, nautaja mapema usije ukafika katikati ukauliza kilinipata nini. Yaliyofuata ni ya kweli. Najua mimi ni mwongo maarufu, walimu wangu wana ushahidi, lakini hili sikulitunga. Ningelitunga, ningejipa ushujaa hata kidogo.

Sasa sikiliza. Mama yangu anauza vitenge minadani. Leo Mitundu, keshokutwa Itigi, wiki ijayo Manyoni, na huko kote analala chini juu ya turubai, ubavuni mwa mabegi yake. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, Bibi Zainabu, na kulala chini akakurithi vilevile. Mwaka jana kifua kikaanza. Daktari akamwambia wazi kwamba ardhi ya baridi na upepo wa kwetu vitammaliza, achague kuacha minada au kuacha kulala chini. Mama akachagua kuacha kwenda kwa daktari.

Ndipo akaingia Bhai. Bhai ana duka la vipuri mjini Singida, aliloachiwa na baba yake aliyeachiwa na babu yake, na Kinyaturu anakisema kuliko mimi. Yeye na fundi wake walikuwa wamegeuza gari dogo, kama yale ya kusambazia mikate, wakalifanya chumba: kitanda cha kukunja, jiko la gesi la moto mmoja, sinki la ukubwa wa bakuli, bomba unalolikanyaga kwa mguu maji yakatoka, na chini ya kitanda nafasi ya mabegi. Akalileta Jumamosi hadi uani kwetu Mwankoko, akamwambia mama alale humo usiku mmoja. Akiamka na mgongo mzima watazungumza. Akiamka amepinda, Jumapili atalichukua ampe mtu wa Babati anayelitaka, na wao watabaki ndugu.

Mama alilizunguka mara moja tu, akasema yeye hawezi kulala kabatini.

Nilijua tatizo halikuwa kabati. Nilikuwa nimemsikia jikoni akimwambia mama mdogo, "Mama yangu alilala chini mpaka anakufa. Mimi nani nipande kitandani, tena chenye bomba?" Kesi ya namna hiyo utaitetea vipi? Nikajitolea kulala mimi, nikague kwa niaba yake, labda nikitoka na sifa nzuri atalegea. Bhai akanipa kipande cha karatasi na kalamu. Nikaandika: godoro, nane kwa kumi. Urefu, tano, miguu inaingia kwenye sinki. Pazia, kumi, jirani haoni kitu. Bomba, ishirini kwa kumi.

Kisha utani ukanipanda. Kwetu nyumba mpya haiingiwi hivihivi. Mama mkubwa wa ukoo humwaga uji wa uwele kidogo mlangoni, akawaita kwa heshima wanawake waliotangulia, waje waione nyumba ya mtoto wao. Wakishakaa kidogo, huwaambia, "Mmeona, sasa rudini salama." Hayo maneno ya mwisho ndiyo kufuli. Mimi uji sikuwa nao, nikamwaga soda. Heshima sikuwa nayo pia. Na yale maneno ya kuwarudisha sikuyasema, kwa sababu nilikuwa nimeinama nacheka.

Nikapanda kitandani, nikazima taa. Upepo wa Julai unaujua? Ule unaoangusha sufuria kwenye kichanja. Ulikuwa unavuma nje, na kutoka nyumbani nilimsikia mama anakohoa. Nikaanza kumkumbuka bibi, na sasa bila kucheka. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananibeba mnadani siku za likizo. Tulilala chini ya lori, mimi nimeubana mgongo wake, unanuka ugoro na alizeti iliyokamuliwa. Upepo ukipita upande wangu ananivuta upande wake, halafu usingizini anasema, "Sogea," ananirudisha. Usiku kucha nilikuwa kama mpira. Alifariki nikiwa kidato cha pili, katikati ya mitihani. Walinificha nisifeli. Nilipofunga shule nikakuta kaburi limeshaota nyasi, na nikafeli hivyohivyo.

Niliamshwa na ubaridi miguuni, jogoo la kwanza linawika, saa ambayo wachuuzi hupakia mizigo. Mlango wa gari lile ukiusukuma unalia mtaa mzima unajua. Haukulia. Lakini ukingoni mwa kitanda alikuwa ameketi mwanamke mzee, khanga mbili, anavua katambuga zake za matairi moja baada ya nyingine na kuzipanga. Akakunja ngumi, akaibonyeza kwenye godoro, akasikiliza, vilevile alivyokuwa akibonyeza magunia ya alizeti kujua kama yamelowa.

Utanifikiriaje nikikwambia nilimwamkia? Mdomo ulitoa shikamoo wenyewe. Mwili wote uliobaki ulikuwa umekufa.

"Marahaba," akasema. "Zainabu, Zainabu. Kumbe utotoni tulicheza rede wote?"

Ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Gari lile halina pa kujificha, na hilo sikuwa nimeliandika kwenye karatasi.

Akainuka. Alikuwa mfupi, kichwa hakikugusa dari. Akafungua kabati, akafunga. Akapima kwa mkono nafasi ya chini ya kitanda, akauliza kuku watakaa wapi. Nikasema siku hizi mama hachukui kuku. Akaguna kama mtu aliyesikia kwamba serikali imeanguka. Akalikanyaga bomba. Maji yakatoka. Akatoa mguu, yakakatika. Akakanyaga tena, mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua anacheka kile kicheko chake kisicho na sauti. Niamini, hofu yangu ilipungua pale. Unamwogopaje mtu anayechezea bomba?

Kisha akaweka kiganja ukutani na kukiacha hapo muda mrefu. Nje upepo ulikuwa unapiga mabati ya jirani.

"Upepo umeishia nje," akasema taratibu.

Wakati uleule mama akakohoa ndani ya nyumba, kikohozi kile kirefu. Bibi akageuza shingo. Akaniuliza kama bado analala chini. Nikamweleza yote: daktari, Bhai, mtu wa Babati, na kwamba mama hataki kulala pazuri kuliko pale mama yake alipolala. Kisha akasema, "Mwambie sikulala chini kwa kupenda. Palikuwa hapana pengine." Akaongeza neno moja la Kinyaturu ambalo siwezi kuliandika, linahusu watu wakaidi na punda.

Halafu akapanda kitandani, upande wa dirisha, akanipa mgongo.

"Sogea."

Nikasogea. Ule mgongo ulinuka ugoro na alizeti. Nilitaka kumwambia kwamba walinificha, kwamba ningekuja kumzika. Nikamwambia, nafikiri. Sikumbuki alijibu nini kwa sababu, usinicheke, nililala.

Asubuhi mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani kama nilivyoufunga. Tangi la maji lilikuwa tupu kabisa. Nilimsimulia mama yote, kuanzia soda, nikisubiri kofi.

Kofi halikuja. Bhai alipofika mchana kulichukua gari, mama alimkaribisha chai wakazungumza, na mtu wa Babati akatafutiwa jingine. Leo ni mwaka mzima anazunguka nalo minadani. Kikohozi bado kinamtembelea, lakini kama mgeni, hakina tena chumba chake. Godoro limebonyea upande wa dirisha, umbo la mtu mfupi aliyejikunja. Bhai alibadilisha godoro, wiki ya pili likabonyea palepale. Anasema sponji za siku hizi ni za hovyo. Sisi tunanyamaza. Wachuuzi wenzake wakipita alfajiri husema, "Hodi akina mama," kisha wanajishangaa, maana wanajua mama yuko peke yake. Mama mkubwa wa ukoo alitaka kuja kuyasema yale maneno niliyoyaacha, amrudishe bibi salama. Mama amemwomba asubiri. Mpaka leo anamwomba asubiri.

Kwa hiyo wewe unayesoma, hasa kama una umri wangu na akili yangu: marehemu usimwite kwa mzaha. Wangu alikuja na ugoro wake akakagua gari. Wako humjui ataletwa na nini. Na kama ni lazima umwite, mwite kwa heshima, jifunze maneno ya kumrudisha, na uhakikishe kweli unataka arudi. Mimi ile video niliifuta bila kuitazama.

Nimeruka jambo moja tu, alichosema mama asubuhi ile nilipomaliza kusimulia. Akatoka uani akijifunga khanga, akausukuma ule mlango ukalia mtaa mzima, akasimama hapo anachungulia kitandani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mtoto:

"Alilala upande gani? Nionyeshe, nisije nikamkalia."